Mizizi ya Matete na Maji Machafu ya Viwanda

Ng'oa tete moja kinamasini uitazame mizizi yake. Tope ni jeusi, linanuka mayai viza, kwa kuwa halina hewa. Lakini mzizi wenyewe umevikwa utando mwembamba wenye rangi ya kutu. Na ni kutu kweli: bua la tete lina uwazi unaopitisha hewa toka juu hadi chini, na oksijeni inayovuja mizizini inakutana na chuma kilichomo topeni.

Hapo ndipo maji machafu yanaposafishwa. Wengi hudhani mmea hunywa uchafu. Hunywa kidogo tu, hasa naitrojeni na fosforasi. Kazi kubwa hufanywa na bakteria waliojazana kwenye mizizi na kokoto, wengine wakitaka hewa, wengine wakiikwepa. Wao ndio wanaovunjavunja mafuta na kemikali nyingi. Tete huwapa makao na pumzi. Mtafiti wa Kijerumani, Käthe Seidel, alianza kufanya majaribio ya kusafisha maji kwa mimea ya kinamasi katika miaka ya 1950, na wahandisi wengi hawakumwamini.

Leo mwenye shaka aende Nimr, jangwani Oman. Visima vya mafuta vya huko hutoa maji mengi kuliko mafuta yenyewe. Zamani maji hayo yalisukumwa kwa pampu hadi kina kirefu ardhini, na umeme uliotumika ulikuwa mwingi mno. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2010, mafuta huenguliwa kwanza, kisha maji hushuka yenyewe kwa mteremko, bwawa hadi bwawa, katikati ya matete yaliyofunika zaidi ya hekta 300. Kila siku hupita zaidi ya lita milioni 100. Ndege wahamao wamepafanya kituo.

Chumvi, hata hivyo, matete hayaiondoi. Huko Nimr hubaki kwenye mabwawa ya kukaushia maji. Metali nzito nazo, kama kromu ya viwanda vya ngozi, haziozi. Hunasa topeni na mizizini, kwa hiyo tope hilo lazima lizolewe na kutunzwa mbali na watu, na ng'ombe wasilishwe matete hayo kamwe.

Kampala wana kinamasi cha Nakivubo, ambacho kwa miongo mingi kimepokea majitaka ya jiji na viwanda yakielekea Ziwa Victoria, kwenye ghuba ileile jiji linakochota maji ya kunywa. Sehemu kubwa ya mafunjo, ambayo huko hufanya kazi ya matete, imefyekwa kupisha magimbi na majengo, na mifereji imechimbwa. Maji yanapita mbio bila kugusa mizizi, na bakteria hawawezi kusafisha kisichowafikia. Kazi hii hutaka siku kadhaa za maji kutulia.

Basi kila kiwanda kinapoomba kibali cha kumwaga maji mtoni, wanaotoa kibali waulize kwanza: maji hayo yatakaa siku ngapi kwenye mizizi?