Mwenye imani analalamika kwa nani?

Kwenye misiba yetu kuna maneno ambayo hayakosekani. Mfiwa akianza kulia kwa sauti, mama mmoja wa kanisani atamshika bega na kumwambia ajikaze, maana yeye ni mtu aliyeokoka. Mwingine ataongeza kwamba kazi ya Mungu haina makosa. Mhubiri naye, akiishiwa la kusema, atatangaza kwamba Mungu hampi mtu mzigo asioweza kuubeba, na ataamini kabisa kuwa jambo hilo limeandikwa na Paulo.

Halikuandikwa. Msemo huo umechipuka kutoka 1 Wakorintho 10:13, lakini pale Paulo anazungumzia vishawishi. Anawaonya Wakorintho kuhusu ibada ya sanamu na uasherati, kisha anawahakikishia kwamba anayejaribiwa hukuta njia ya kutokea. Habari ya kufiwa, ya saratani au ya kufukuzwa kazi haimo. Kuhusu mateso yenyewe Paulo huyo huyo anasimulia kinyume: katika 2 Wakorintho 1:8 anaeleza kwamba kule Asia yeye na wenzake walilemewa kupita nguvu zao, hata wakakata tamaa ya kuishi. Mtume alipata mzigo uliomshinda, na hakuona haya kuliandikia kanisa zima.

Wengi wetu tumelelewa tukiamini kwamba kumtumaini Mungu wakati wa mateso ni kunyamaza. Ukifungua Zaburi, fundisho hilo halisimami. Kati ya zaburi 150, karibu theluthi moja ni maombolezo. Mjerumani Hermann Gunkel, aliyefariki mwaka 1932 baada ya kutumia miaka mingi kuzichambua zaburi kwa aina zake, alionyesha kwamba maombolezo ya mtu mmoja mmoja ndiyo mengi kuliko aina nyingine yoyote. Nyimbo hizi ziliimbwa katika ibada. Hazikuwa siri za mtu aliyejifungia chumbani.

Zina mwenendo wake. Mwombaji anamwita Mungu, anatoa lalamiko, anataja anachotaka, anakiri tumaini lake, na mara nyingi anaahidi sifa. Zaburi ya 13 inapitia yote hayo katika mistari sita. Mistari miwili ya kwanza inarudia swali moja mara nne: jambo hili litaendelea mpaka lini? Mistari miwili inayofuata ni ombi, tena lenye haraka, maana mwombaji anahofia kufa. Halafu ghafla, bila kuelezwa kwamba kuna kilichobadilika, anasema anatumaini na ataimba.

Mgeuko huo wa ghafla umewasumbua wasomi kwa muda mrefu. Mwaka 1934 Joachim Begrich, aliyekuwa mwanafunzi wa Gunkel, alitoa maelezo ambayo bado yana nguvu: katikati ya sala, kuhani alitamka neno la Mungu la kumtuliza mwombaji, neno ambalo halikuandikwa katika wimbo wenyewe. Si wote wanaokubaliana naye, lakini kisa cha Hana katika 1 Samweli 1 kinamuunga mkono vizuri. Hana anasali kwa uchungu hekaluni Shilo hadi kuhani Eli anadhani amelewa. Anajieleza kwamba anammiminia Bwana roho yake. Eli anamwambia aende kwa amani, naye anaondoka, anakula, na uso wake haukunjamani tena. Wakati huo mimba bado haijaingia. Kilichokuwa kimetokea ni kwamba lalamiko lake limesemwa mpaka mwisho, na mtu mwenye wajibu mahali pale amelipokea. (Eli alianza kwa kumkemea, lakini angalau alijirekebisha. Si viongozi wote wa dini wanaofanya hivyo.)

Lakini mgeuko hauji kila mara, na hapa ndipo Zaburi ya 88 inapotakiwa. Inaanza kwa kumtaja Mungu kuwa mwokozi, na baada ya hapo hakuna tamko jingine la tumaini. Mwombaji anasema amelia usiku na mchana, kwamba Mungu mwenyewe ndiye aliyemlaza shimoni na kuwafukuza rafiki zake. Neno la mwisho ni giza. Waliokusanya Zaburi hawakuongeza ubeti wa kuifariji. Kanisa Katoliki huisali katika Sala ya Usiku kila Ijumaa, kwa hiyo kila wiki watawa na mapadre wengi hulala wakiwa wametoka kusema maneno hayo.

Tumaini liko wapi basi katika wimbo kama huo? Liko katika yule anayesemeshwa. Mtu aliyeacha kumwamini Mungu hamlalamikii. Anaondoka, au anamsengenya kwa watu. Huyu wa Zaburi ya 88 anarudi asubuhi kwa Mungu yule yule anayemshtaki. Kitabu cha Ayubu kinatenganisha watu kwa kipimo hicho hicho. Elifazi, Bildadi na Sofari wanamtetea Mungu kwa hoja safi sura baada ya sura, lakini hawamsemeshi hata mara moja. Ayubu anamgeukia na kumwambia mambo ambayo tungemwondoa mtu kwenye madhabahu kwa kuyasema. Katika 42:7 Mungu anatoa hukumu: rafiki hawakunena yaliyo sawa, Ayubu alinena. Jambo pekee jema walilolifanya ni zile siku saba za mwanzo walipokaa naye chini bila kusema neno.

Ibada zetu zina kipindi cha ushuhuda, na ushuhuda hutolewa tatizo likishakwisha: kazi imepatikana, mtoto amepona. Yule ambaye bado yumo ndani ya jaribu hana mahali pa kusimama. Anakaa benchi la nyuma, anapiga makofi kwa ajili ya wengine, na baada ya muda haji tena. Kisha tunasema amerudi nyuma.

Padre Emmanuel Katongole wa Uganda ameandika kitabu kizima kuhusu maombolezo na tumaini barani Afrika, kilichotoka mwaka 2017, na mmoja wa watu anaowaeleza ni Marguerite Barankitse wa Burundi. Tarehe 24 Oktoba 1993, siku chache baada ya Rais Melchior Ndadaye kuuawa, watu 72 waliuawa mbele ya macho yake huko Ruyigi. Alimlilia Mungu, alimhoji, na alianza kuwalea watoto yatima wa pande zote mbili, Wahutu na Watutsi. Kazi hiyo ikawa Maison Shalom. Hoja ya Katongole ni kwamba tumaini la namna hii huzaliwa ndani ya kilio chenyewe. Ninakubaliana naye, kwa tahadhari moja: mauaji yale yalifanywa na watu wenye majina. Kumlilia Mungu hakuondoi haja ya mahakama, kama ambavyo kumlilia juu ya kipigo cha mume hakuondoi haja ya polisi.

Kwa anayetaka kuanza, Zaburi ya 55 inamfaa aliyesalitiwa na rafiki. Kwa jumuiya iliyopigwa bila kosa lake kuna Zaburi ya 44, ambayo inamwambia Mungu aamke, kana kwamba amelala. Wengi huona aibu kuisoma kwa sauti. Paulo hakuona. Katika Warumi 8, anapofikia kilele cha hoja yake kwamba hakuna kitu kitakachotutenga na upendo wa Kristo, Maandiko anayoyanukuu katika mstari wa 36 yanatoka humo, ubeti mmoja tu kabla ya ule wa kumwamsha Mungu.