Cheni ya Pikipiki Yataka Jicho la Mwenyewe

Ndugu msomaji, huenda kwenu imo pikipiki. Kama si yako, basi ni ya mwanao, au ya shemeji yako, au ya katekista anayezunguka vigango. Huenda bado haijawa mali ya nyumba: kijana ameichukua kwa mkataba, na kila jioni yampasa kupeleka hesabu kwa mwenye chombo mpaka deni liishe. Pikipiki hiyo ndiyo inayopeleka mahindi mashineni na mama mjamzito zahanati. Wengi huitunza injini yake kwa bidii. Hubadili oili, huosha, hung'arisha tangi. Lakini cheni huiacha ijitunze yenyewe, mpaka siku ile inapokatika katikati ya mlima.

Wala cheni ikikatika si lazima ianguke chini kwa upole. Yaweza kujikunja pale mbele, penye spoketi ndogo, ikapasua kasha la injini. Yaweza pia kujisokota katika gurudumu la nyuma, gurudumu likasimama ghafula, na watu wakarushwa njiani. Kwa hiyo tutazame pamoja kazi ya cheni, na jinsi kila nyumba inavyoweza kuitunza kwa vitu vilivyomo humo humo.

Cheni tuliyo nayo leo ilibuniwa na Hans Renold, mzaliwa wa Uswisi, aliyekuwa na karakana yake Manchester, Uingereza, mwaka 1880. Kila kiungo kina pini, na pini imevikwa bomba dogo, na juu ya bomba hilo kuna kiviringo kinachozunguka juu ya meno ya spoketi. Baiskeli ya babu yako ilikuwa na cheni ya namna hiyo hiyo.

Sasa yahesabu meno ya spoketi zako. Tuseme umekuta ya mbele ina meno 14 na ya nyuma ina 42. Gawanya 42 kwa 14, utapata 3: spoketi ya mbele huzunguka mara tatu ili gurudumu lizunguke mara moja. Ukiweka ya mbele yenye meno 15, hesabu inashuka mpaka 2.8. Pikipiki itakimbia zaidi mahali pa tambarare, nayo injini itapunguza kelele kidogo, lakini mlimani itachoka upesi. Ukiweka ya nyuma yenye meno 45 pamoja na hiyo ya 15 mbele, unarudi kwenye 3 ile ile. Ndiyo kusema jino moja la mbele ni sawa na meno matatu ya nyuma. Vijana wengi hawajui jambo hilo, hubadili yote mawili kwa pamoja, kisha hushangaa kwamba hakuna kilichobadilika ila fedha mfukoni.

Huko Ulaya, Japani na Marekani wako watu wazima wanaoshindanisha vigari vidogo vinavyoongozwa kwa redio, vyenye injini ndogo sana inayokunywa methanoli iliyochanganywa na nitromethani. Injini hizo huzunguka zaidi ya mara 30,000 kwa dakika. Basi hata hao, kabla ya shindano, huketi na kuhesabu meno: njia fupi yenye kona nyingi yataka hesabu hii, njia ndefu iliyonyoka yataka ile. Ikiwa mtu afanya hivyo kwa ajili ya mchezo, sembuse wewe unayebeba watu?

Ushauri wangu ni huu. Anayekaa milimani na kubeba mizigo asiguse spoketi ya mbele kwa tamaa ya mwendo. Hata anayekaa bondeni na afikiri mara mbili, maana breki hazikuongezeka nguvu kwa sababu ameongeza jino. Ukitaka nguvu zaidi ya kupanda, afadhali uongeze meno ya nyuma kuliko kupunguza ya mbele. Spoketi ndogo mno hukunja cheni kwa ukali na kuila upesi. Ila ujue kwamba spoketi kubwa ya nyuma yaweza kudai cheni ndefu zaidi.

Mafundi husema cheni “imevutika”, nasi twadhani chuma kimenyooka kama mpira. Sivyo. Mchanga umeingia ndani ya viungo na kuzila pini na mabomba yake kidogo kidogo. Kila kiungo kimepoteza kiasi cha unywele, na viungo ni zaidi ya mia. Ili ujue hali yake, azima rula ya mtoto wa shule, ile ya sentimita 30. Cheni za pikipiki nyingi za bodaboda zimepigwa chapa 428, na katika hizo, toka katikati ya pini moja hata katikati ya pini inayofuata ni milimita 12.7. Kaza cheni kwa mkono, hesabu pini 21, upime toka ya kwanza hata ya mwisho. Cheni mpya itakupa milimita 254. Ikifika 259, imekwisha, hata kama yang'aa.

Na ikiisha, badili vyote vitatu, cheni na spoketi zote mbili. Hapo ndipo wengi hujiibia wenyewe. Wananunua cheni peke yake, wanaifunga juu ya meno yaliyopinda kama ndoana, na cheni hiyo mpya huharibika kabla ya wakati wake. Gurudumu likiwa limefunguliwa, tazama pia raba zilizomo ndani ya habu ya nyuma. Zikiwa zimesagika, kila unapoachia klachi cheni inapigwa kama kwa nyundo.

Kusafisha ni kazi ya Jumamosi jioni, ili Jumapili mwende Misa bila haraka. Zima injini. Nasema tena, zima injini! Wako waliosimamisha pikipiki kwenye stendi, wakaweka gia, wakashika kitambaa ili cheni ijisafishe yenyewe, nao wakapoteza vidole. Zungusha gurudumu kwa mkono. Tumia brashi na mafuta ya taa, usitumie petroli, wala taa ya moto isiwe karibu. Futa mpaka ikauke, kisha tia oili nzito ya gia, namba 90, kwenye upande wa ndani wa cheni, maana ikizunguka itaitupa oili kuelekea nje. Futa inayozidi. Oili chafu iliyomwagwa kutoka injini ni ya bure, kweli, lakini imejaa chembe za chuma. Grisi nayo hukusanya mchanga. Fanya hivi kila kilomita 500 hivi, na kila baada ya mvua kubwa.

Cheni isikazwe mno. Pikipiki ikilemewa na mzigo, mkono wa nyuma hupanda na cheni hukaza zaidi; iliyokazwa ukiwa huna mzigo itavuta beringi za giaboksi siku ya kubeba gunia. Katika pikipiki nyingi ndogo, cheni ya chini ipande na kushuka katikati yake milimita 20 hadi 30, lakini kitabu chake ndicho chenye neno la mwisho. Zungusha gurudumu utafute mahali inapokaza kuliko pengine, upimie hapo. Alama za kushoto na kulia zilingane, la sivyo gurudumu litakwenda upande. Ukiisha kufunga nati ya ekseli, jaribu breki ya nyuma, kwa kuwa kusogeza gurudumu kumeisogeza nayo.

Pana kitu kidogo tena: klipu ya kiungo cha kufungia. Ifikirie kama samaki. Kichwa, yaani upande usio na mwanya, kitangulie kuelekea cheni inakokwenda, mkia ufuate. Ikigeuzwa, jiwe au tope laweza kuichomoa.

Mwisho, lile boksi la kufunika cheni, na kile chuma kinachozuia nguo upande wa gurudumu. Vijana huviondoa kwa kuona ni uzito bure, au kwa urembo. Virudishwe. Mama aketipo nyuma, apande kwa kutanua miguu ikiwezekana, na kitenge chake kikunjwe chini ya mapaja; wala asifungiwe mtoto ubavuni, miguu ikining'inia karibu na spoki. Abiria ni mmoja tu, naye avae kofia ngumu kama dereva.

Kama leo ni Jumamosi, rula ya mtoto iko mezani, na pikipiki imekwisha rudi, nenda ukahesabu hizo pini 21.