Doa Jeusi la Kioo Halitoki kwa Kusugua

"Dawa ya meno nimepaka, ndimu na magadi nimesugulia, doa bado lipo. Sasa nitumie nini?" Kila ninapoitwa kutazama kioo cha bafuni kilichoanza kuwa cheusi pembeni, swali ni hilo. Jibu langu ni moja: usitumie chochote. Weka hicho kitambaa chini.

Chukua kalamu, uguse kioo kwa ncha yake karibu na doa. Ncha halisi na ile unayoiona ndani ya kioo hazikutani. Kuna pengo kati yake. Pengo hilo linatokana na unene wa kioo chenyewe, kwa sababu kinachorudisha sura yako kiko nyuma: utando wa fedha ambao unene wake haufiki hata sehemu ya elfu ya milimita, umefunikwa kwa rangi ya kuukinga. Mkemia Mjerumani Justus von Liebig alionesha mwaka 1835 jinsi fedha inavyogandishwa kwenye kioo, na vioo vingi vizuri hadi leo hutengenezwa kwa fedha. Doa lako liko huko nyuma. Fedha imeliwa, haikuchafuka. Unasugua upande ambao hauna doa.

Hasara yake ni kubwa kuliko kupoteza muda. Dawa ya meno ina punje za kusugulia, na ukikazana nayo unaweza kuacha mikwaruzo itakayoonekana taa ikimulika kwa ubavu. Ndimu na siki ni mbaya zaidi. Haziumizi uso wa kioo, lakini hutiririka hadi ukingo wa chini, zikanywewa taratibu kati ya rangi na kioo, zikaitafuna fedha iliyobaki. Baadaye doa limepanuka, na mwenye nyumba anaamini dawa ilikuwa hafifu, anaongeza ndimu! Sabuni za vioo zenye amonia zikipenya ukingoni huleta balaa hilo hilo. Na wale wanaokwangua rangi ya nyuma ili wapulize rangi ya fedha ya kopo, nawaomba waache: rangi ile huonekana kijivu ukiitazama kwa mbele. Haiwezi kukurudishia sura.

Tazama doa lilikoanzia. Karibu kila mara ni ukingo wa chini, maji yanakotuama. Mvuke, chumvi ya hewa ya pwani, mvuke wa jiki, hata gesi ya mtaro inayopanda pale maji yanayoziba bomba la kutolea maji machafu yanapokauka, vyote huidhuru fedha. Halafu kuna kosa la mafundi linaloniudhi kuliko yote: kubandika kioo kwa silikoni inayonuka siki. Harufu hiyo ni asidi, nawe umeifungia mgongoni mwa kioo. Omba silikoni isiyo na asidi, inayofaa vioo. Imeandikwa kwenye mrija, soma kabla ya kulipa.

Sasa la kufanya, tena kwa gharama ndogo. Doa likiwa pembeni tu, lifunike kwa fremu. Seremala akuchanie mbao nyembamba za upana wa sentimita 5, azikate pembe nyuzi 45, wewe uzipake vanishi pande zote, hasa ukingo wa ndani kwa nyuma, kwani kioo kitauonesha na mbao tupu itaonekana. Kabla ya kubandika, hakikisha vishikizo vinamudu: kioo cha milimita 4 kina uzito wa kilo 10 kwa kila mita ya mraba, na fremu ni mzigo wa juu yake. Kamba ya mkonge nayo hupendeza, ila bila vanishi itaota ukungu. Vipande vya marumaru vilivyobaki vibandike ukutani kukizunguka kioo, visikae juu yake. Ukingo ukiwa umeharibika sana, fundi vioo aukate, asage kingo, kisha uzipake rangi ya kuzuia maji. Acha nafasi ya milimita chache kati ya kioo na ukuta ili hewa ipite, na kisikalie sinki. Taa mbili ubavuni, usawa wa uso, zitakisaidia kuliko pambo lolote. Waya mwachie fundi umeme. Unapofuta, nyunyizia kitambaa maji, usinyunyizie kioo, na ukaushe ukingo wa chini.

Doa likiwa katikati, fremu haitalifikia. Kupaka fedha upya kutakugharimu kuliko kioo kipya, kwa hiyo nunua kipya, na kile cha zamani mpe fundi akukatie sehemu nzima iliyobaki. Kipande cha ukubwa wa daftari kinatosha kunyolea ndevu.