Kindi kati ya majoka

Uhai 60, shambulio 45, ulinzi 70, shambulio maalumu 45, ulinzi maalumu 90, kasi 95. Ukijumlisha unapata 405. Hizo ndizo alama za kuzaliwa za Pachirisu, kindi mweupe mwenye mstari wa buluu mgongoni na mashavu ya manjano, mmoja kati ya viumbe zaidi ya elfu moja wa mchezo wa Pokémon. Garchomp, joka la ardhini ambalo mwaka 2014 lilikuwa halikosekani mashindanoni, lina alama 600.

Agosti mwaka huo, jijini Washington, D.C., Sejun Park kutoka Korea Kusini alimshinda Mmarekani Jeudy Azzarelli kwenye fainali ya wakubwa ya ubingwa wa dunia. Katika timu yake ya viumbe sita alikuwemo Garchomp, kama ilivyotarajiwa. Alikuwemo pia yule kindi.

Rekodi ya mechi hiyo niliikuta Kariakoo, kwenye simu ya fundi aliyekuwa akinibadilishia kioo cha simu yangu. Kioo kilikwisha muda mrefu kabla ya maswali yangu. Fundi mwenyewe hajafika miaka thelathini, na aliomba jina lake lisitokee gazetini kwa sababu mwenye kibanda anaamini muda wote huwa anasoma michoro ya saketi. Kwa hiyo nitamwita fundi tu. Pokémon anaicheza kwa Showdown, programu ya bure inayofunguka kwenye kivinjari cha simu yoyote, na timu zake anazichora kwenye kaunta buku yenye mraba, ile ya wanafunzi wa hisabati.

Wengi wanaijua Pokémon ya katuni, ya mtoto mwenye kofia na panya wake wa manjano. Mashindano ni mambo mengine. Kila mchezaji anakuja na viumbe sita, anaonyeshwa sita wa mwenzake, kisha anachagua wanne wa kuingia nao. Uwanjani wanasimama wawili kwa wawili. Wote hupimwa kwa ngazi ya 50, spishi haijirudii ndani ya timu, wala kitu cha kushika hakijirudii. Kila zamu wachezaji wote wawili huamua kwa siri, halafu maamuzi yao hufunuliwa kwa pamoja. Bahati ipo, lakini sehemu kubwa ya kazi inakuwa imekwisha kabla mtu hajakaa kwenye kiti.

“Watu wanaona mechi, dada,” fundi aliniambia huku akipekua daftari. “Mechi ni dakika chache. Hii hapa ndiyo mechi yenyewe.”

Ukurasa alionifungulia ulikuwa umejaa tarakimu kwa kalamu ya buluu, na marekebisho kwa nyekundu. Juu kabisa aliandika “Pachi, wa Park”. Chini yake kulikuwa na safu mbili, kindi asiyefundishwa na kindi aliyefundishwa.

Kila kiumbe hupewa pointi za mazoezi zisizozidi 510, na sifa moja haiwezi kubeba zaidi ya 252. Mwenye tamaa huzirundika kwenye shambulio na kasi, apige kwanza na apige kwa nguvu. Park alifanya kinyume. Alizirundika karibu zote kwenye uhai na ulinzi, kisha akachagua hulka inayoongeza ulinzi kwa asilimia kumi na kupunguza shambulio maalumu, ambalo kindi huyu halihitaji kabisa. Kwa ngazi ya 50, uhai unapanda kutoka 135 hadi 167, na ulinzi kutoka 90 hadi 134.

Fundi alinipitisha kwenye hesabu ya pigo la Dragon Claw la Garchomp aliyejazwa shambulio hadi 182. Nguvu ya pigo ni 80. Unaizidisha kwa 22, namba inayotokana na ngazi, kisha kwa 182. Unagawa kwa ulinzi, unagawa tena kwa 50, unaongeza mbili. Mchezo unachagua kwa bahati sehemu ya jibu, kati ya asilimia 85 na 100, halafu unaongeza nusu kwa sababu joka linatumia pigo la aina yake lenyewe. Kila hatua inaacha desimali chini.

Kindi asiyefundishwa anapokea pigo la kati ya 93 na 109, naye ana uhai 135. Mapigo mawili, kwisha, hata bahati imwangukie vipi.

Kindi wa Park anapokea kati ya 61 na 73, naye ana 167. Pigo la kwanza, amesimama. Pigo la pili, hata yote mawili yakiwa makubwa kabisa, amebaki na 21. Hapo anakula tunda aliloshika, Sitrus Berry, ambalo huliwa uhai unapofika nusu au chini yake, nalo linamrudishia robo ya uhai wote, yaani 41. Anasimama mbele ya pigo la tatu akiwa na 62. Likiwa dogo kabisa, yaani 61, anabaki na uhai wa moja. Kwenye safu hiyo fundi alikuwa amepiga mstari mwekundu mara mbili na kuandika pembeni: “Moja!”

Nilimuuliza kama kusalimika huko ndiko kunakoshinda mechi. Akatikisa kichwa. Kusalimika peke yake hakuna maana, alisema, kama hufanyi kitu ukiwa hai. Basi tukafungua ukurasa wa pili, wa mapigo manne.

Mapigo mawili kati ya hayo hayamuumizi mtu. Protect ni kujikinga kwa zamu moja. Follow Me inawalazimisha wapinzani wote wawili kuelekeza mapigo yao kwa kindi, hata kama walimlenga mwenzake, na hutangulia mapigo ya kawaida, hivyo kasi haimkwazi. Fundi alinieleza kwa mfano wa mtaa wake mwenyewe: mgambo wakivamia wamachinga, anatokea mmoja anayeanzisha ugomvi nao makusudi, na wakati wanamzunguka yeye, wenzake wote wameshakunja maturubai.

Pigo la tatu ni Nuzzle. Linaumiza kidogo sana, ila kila likimpata mtu linampooza, na katika matoleo ya wakati huo aliyepoozwa hubaki na robo ya kasi yake, tena hupoteza zamu mara moja katika nne. La nne ni Super Fang, ambalo haliulizi nguvu za anayeuma. Linakata nusu ya uhai uliobaki wa anayeumwa. Garchomp mwenye uhai 183 hupoteza 91 kwa meno ya kindi mwenye shambulio la 45. Joka la ardhi halipoozwi kwa umeme, ndiyo maana meno yakahitajika.

Hapa ndipo niliponaswa mimi. Shambulio la 45 ni aibu, kila mtu analiona, na kwa sababu hiyo kila mtu alimpita kindi huyu akaenda kutafuta wenye misuli. Park aliandaa kazi ambayo shambulio haliulizwi popote. Udhaifu ulibaki pale pale kwenye karatasi, ukakosa tu mahali pa kudhuru.

Wapo wengine wanaovuta mapigo, na fundi aliwataja bila kusita. Amoonguss, uyoga mnene, hufanya hivyo kwa unga wake, lakini tangu toleo la X na Y la mwaka 2013 viumbe vya majani havishikwi na unga. Togekiss anajua Follow Me, ila ni wa anga, na umeme unamchoma. Kindi ana kipaji kiitwacho Volt Absorb, ambacho hubadilisha umeme kuwa tiba: akipigwa kwa umeme anarudishiwa robo ya uhai. Si kila Pachirisu anacho. Wengi huja na kipaji cha kuokota vitu au cha kukimbia, na kwenye mashindano cha kukimbia hakina kazi hata kidogo.

Sasa tazama aliokuwa nao. Gyarados, wa maji na anga, ambaye umeme humpata mara nne kabla hajajigeuza kwenda umbo lake la Mega. Talonflame, ndege wa moto, naye umeme humpata mara mbili. Mpinzani akituma radi kumwangusha Gyarados, kindi anaidaka na kunenepa. Gothitelle ana kipaji cha kuwanyima wapinzani sabu, kwa hiyo aliyepoozwa anaweza kulazimika kubaki uwanjani na ulemavu wake. Garchomp akipiga tetemeko la ardhi, linaumiza kila aliyesimama, mwenzake pia, isipokuwa walio angani. Hivyo pembeni yake asimame Talonflame, kindi apumzike. Wa sita ni Gardevoir. Ukimtoa kindi na kuitazama timu hiyo, unaona majina makubwa yenye nyufa kwenye sehemu zilezile. Ukimrudisha, nyufa nyingi zinazibika.

“Watu huanza na wanaowapenda,” fundi alisema. “Au wanaanza na wenye nguvu. Mimi siku hizi naanza na swali, nani ataniua? Namwandika. Halafu natafuta wa kumzuia. Nikimpata huyo, nauliza tena, na huyu nani atamuua? Mpaka nafasi sita ziishe. Ukiwa na bahati, la sita linajibu la kwanza.”

Na asipokuwa na bahati?

“Nafuta, naanza upya. Ndiyo maana daftari limeisha.”

Nilimuuliza jambo lililonikera zaidi, na hakulijibu kwa namna ya kuniridhisha. Kama hesabu ni hesabu, kwa nini kindi hakuendelea kutawala? Msimu uliofuata kanuni zilibadilika, viumbe wa matoleo ya nyuma wakaruhusiwa, na Landorus akaingia kila mahali. Sehemu ya jibu iko hapo. Lakini fundi alijaribu timu ileile, chini ya kanuni zilezile za 2014, dhidi ya watu wa Showdown wanaopenda kurudia mashindano ya zamani. Alipigwa sana. Wapinzani walimjua kindi kwa kila tarakimu. Hawakumtumia umeme hata kwa bahati mbaya. Walitumia mapigo ya kutapanya, tetemeko na maporomoko ya mawe, ambayo Follow Me haiwezi kuyavuta kwa sababu hayalengi mmoja.

Basi ushindi wa Washington ulitoka wapi? Sehemu ni ujenzi, hilo halina ubishi kwangu. Sehemu ni mkono wa Park, kujua zamu ipi ajikinge na ipi ajitoe. Sehemu, nadhani, ni kwamba watu waliokaa mbele yake walikuwa wamejiandaa kwa majoka. Ni kiasi gani kwa kila sehemu, sijui nani anaweza kupima.

Kuna swali jingine linalohusu mfuko. Kwenye Showdown fundi anaandika timu kwa dakika kumi, anachapa tarakimu, anaingia vitani. Kwenye mashindano rasmi kiumbe ilibidi apatikane na kulelewa ndani ya gemu, kwenye konsoli ya Nintendo. Wachezaji walizalisha mayai kwa makumi, wazazi wakishikishwa Destiny Knot ili mtoto arithi sifa tano kati ya kumi na mbili za wazazi wawili, na jiwe la Everstone ili hulka isipotee, kisha wakaanza mazoezi ya pointi. Matoleo ya karibuni yamefupisha safari hiyo, lakini bado kuna safari. Wengine wameikata kwa kutengeneza viumbe kwa programu za nje. Agosti 2023, kwenye ubingwa wa dunia mjini Yokohama, wachezaji kadhaa walienguliwa baada ya ukaguzi kukuta viumbe wa namna hiyo. Wateteaji wao walisema kiumbe aliyetengenezwa ana tarakimu zilezile ambazo aliyelelewa angekuwa nazo, na kwamba sheria inampa nafasi mwenye saa nyingi za kupoteza. Upande wa pili ulisema sheria ilijulikana na kila aliyejiandikisha.

Fundi alikuwa na maoni makali kuhusu hili kuliko nilivyotegemea. Kwake mashindano ni ubongo dhidi ya ubongo, na mayai ni ushuru tu. Kisha akasita. Alisema Park angeweza kuchoka na mayai, akachukua kiumbe cha kawaida ambacho tayari alikuwa nacho, na kindi asingezaliwa. Labda kumlea mtu kwa saa zote hizo kunakufanya umfikirie zaidi. Au labda hapana, akaongeza, na akarudi kuchomea waya wa mteja aliyekuwa anasubiri.

Kindi ameshamtoa kwenye timu yake. Lakini ukurasa wa mwisho wa kaunta buku una safu mbili mpya, asiyefundishwa na aliyefundishwa, na mistari myekundu pale pale ambapo kindi alibaki na moja. Jina la juu ameliziba kwa kipande cha gundi nyeusi ya umeme. Nilimbembeleza anitajie.

“Hapana, dada. Ukishaandika gazetini, kesho kila mtu anaye.”