Jaribu Kwanza, Ndipo Utegemee

(Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima. Kabla ya somo, msimamizi wa darasa aandike ubaoni: chungu, mtetemo, mota, mkanda, kipima-gesi, sifuri.)

Mlio nyuma sogeeni karibu na redio, ili kila mtu asikie vizuri. Leo tutazungumza habari za mashine, lakini tutaanza na chungu.

Mama aendapo sokoni Ifakara kununua chungu, hatoi fedha mara moja. Kwanza hukiinua, kisha hukigonga kwa kidole alichokikunja. Chungu kizima hulia kwa sauti safi. Chungu chenye ufa hulia kwa sauti nzito, kama kibao kilicholowa maji. Pengine ufa wenyewe hauonekani kwa macho, lakini mlio umekwisha toa siri. Kugonga huko hakuchukui hata dakika moja, nako humwokoa mama asirudi na chungu kitakachomwaga mchuzi motoni.

Mafundi wa viwandani nao hufanya hivyo hivyo. Kabla ya kukitegemea chombo, hukijaribu kwa kitambo kidogo, waone kama kweli kitafanya kazi yake. Sisi tutaliita jambo hilo jaribio fupi. Leo tutatazama majaribio mafupi matatu.

La kwanza ni la nyundo, nalo ni ndugu wa kugonga chungu. Kila kitu kikigongwa hutetemeka kwa namna yake. Tuseme mota inazunguka mara 1,500 kwa dakika. Hizo ni mara 25 kwa kila sekunde. Ikiwa kiti cha chuma kilichobeba mota hiyo nacho kwa asili yake hutetemeka mara 25 kwa sekunde, basi kila mzunguko utakiongezea mtetemo. Ni kama mtu anayemsukuma mtoto kwenye bembea: akisukuma kwa wakati wake, bembea huzidi kwenda juu. Boliti hulegea, na chuma hupasuka. Kwa hiyo mafundi husimamisha mashine, wakaigonga kwa nyundo yenye kichwa cha mpira, na chombo maalumu kikaandika mtetemo wake. Wakiona umekaribia mwendo wa mota, hukiimarisha kiti au hukibadilisha.

Sasa tuje kwenye jaribio la pili, la mota. Katika bonde letu la Kilombero mpunga ni chakula na ni fedha, na mashine za kukobolea hazikosekani. Mashine nyingi kubwa huendeshwa kwa umeme wa njia tatu. Sikilizeni mazungumzo haya ya mama mwenye mashine na fundi wake.

"Fundi, mashine yangu imeharibika. Juzi ilikuwa nzima kabisa. Leo nimeiwasha, mpunga haupandi, na vikombe vya kupandishia vinarudi nyuma."

"Pole, mama. Nani aliyeigusa?"

"Hakuna aliyeigusa. Jana umeme ulikatika, mafundi wakaja wakatengeneza nyaya kwenye nguzo, wakaenda zao."

"Basi, mama, mashine yako haikuharibika. Inazunguka kinyume."

Fundi alijuaje? Katika umeme wa njia tatu, nyaya tatu huleta umeme kwa zamu: wa kwanza, wa pili, wa tatu. Zamu hiyo ndiyo inayoielekeza mota izunguke upande gani. Nyaya mbili zikibadilishana nafasi, hata huko mbali kwenye nguzo, mota huzunguka kinyume. Haitoi moshi wala haipigi kelele. Huzunguka vizuri kabisa, lakini upande usiofaa.

Fundi alifanya hivi. Kwanza alizima swichi kubwa, akautoa mkanda unaounganisha mota na mashine. Pili, aliwaambia watu wote wakae mbali. Tatu, aliwasha mota, akaizima mara ile ile, kabla haijapata mwendo wake. Ilipokuwa ikipunguza mwendo, aliangalia gurudumu lake linazunguka upande gani, akalinganisha na mshale uliochorwa kwenye mashine. Kweli, lilikuwa linakwenda kinyume. Akazima tena swichi kubwa, akaifunga kwa kufuli, akapima kuhakikisha kwamba hakuna umeme. Hapo ndipo alipobadilisha nafasi ya nyaya mbili. Akarudia jaribio, akaona sawa, akaurudisha mkanda.

Kwa nini alitoa mkanda? Kwa sababu mashine nyingine huvunjika zikizungushwa kinyume, hata kwa kitambo kidogo. Na kwa nini hakuwasha na kuzima mara nyingi? Kwa sababu mota inapoanza huvuta umeme mwingi, hata mara tano au zaidi kuliko inapokuwa katika mwendo wake. Ukiirudia rudia, nyaya zake za ndani huungua.

Wenye pampu za maji nao wasikilize. Pampu nyingi zikizunguka kinyume hutoa maji, lakini kidogo. Mkulima husema, "Pampu imechakaa," akanunua nyingine, kumbe ya zamani haikuwa na kosa. Hata hivyo, ndugu wanafunzi, kazi ya nyaya si ya kila mtu. Mwiteni fundi umeme aliyefundishwa. Wewe kazi yako ni kujua la kumwuliza: "Fundi, je, umejaribu upande wa mzunguko?"

Jaribio la tatu ni la kipima-gesi, nalo linahusu uhai wa watu. Kuna mahali ambapo hewa huua bila kuonekana. Katika viwanda vya sukari, kama kile cha Kilombero kilichoko pande za Kidatu, kuna molasi. Molasi ikichachuka ndani ya tangi hutoa hewa nzito inayokaa chini na kuifukuza hewa njema. Katika mashimo ya maji machafu hutoka gesi yenye harufu ya mayai yaliyooza. Ikizidi sana, huua uwezo wa pua kunusa, hata mtu akadhani imekwisha. Na injini ya petroli ikiwashwa ndani ya kisima hutoa gesi ya sumu isiyo na harufu hata kidogo.

Zamani wachimbaji wa makaa ya mawe wa Uingereza walichukua ndege wadogo wa manjano wakaingia nao chini. Mtaalamu John Scott Haldane ndiye aliyeshauri hivyo katika miaka ya 1890. Ndege hudhurika kabla ya mtu. Akianguka, watu hutoka mbio. Desturi hiyo ilikoma huko mwaka 1986, na mahali pa ndege pakachukuliwa na kipima-gesi.

Lakini tazameni tofauti moja. Ndege aliyekufa huonekana kuwa amekufa. Kipima-gesi kilichokufa huonekana kizima. Taa yake huwaka, na kioo chake husoma sifuri. Sifuri hiyo yaweza kuwa na maana mbili: ama hakuna gesi, ama chombo hakinusi tena. Pua ya kipima-gesi huzeeka, huzibwa na vumbi na matope, na mivuke mingine huiharibu. Wahenga walisema, "Kimya kingi kina mshindo mkuu."

Watu wengine hubonyeza kitufe, wakasikia kengele, wakaridhika. Kitufe huonyesha kwamba betri, taa na kengele ni nzima. Hakisemi neno juu ya pua. Jaribio la kweli ni kukipa chombo gesi kidogo kutoka katika chupa maalumu ambayo kiasi chake kinajulikana. Kengele ikilia kwa wakati wake, chombo kinafaa kuingia nacho kazini. Isipolia, kiwekwe kando, na mtu asiingie. Hufanywa kila siku kabla ya kazi, nalo huchukua muda mfupi tu.

Je, hilo ni sawa na kurekebisha vipimo? La. Fikirini mizani ya duka. Jaribio fupi huuliza, "Je, mizani inashuka ikiwekewa kitu?" Kurekebisha vipimo huuliza, "Je, kilo moja yasomeka kilo moja kamili?" Yote mawili yatakiwa, lakini la kwanza ni la kila siku.

Na sisi tusio na kipima-gesi tufanyeje? Usiteremshe injini ya petroli kisimani. Usiamini mshumaa, kwa maana waweza kuendelea kuwaka penye gesi ya sumu, au ukawasha gesi ikalipuka. Na neno kubwa kuliko yote: mwenzako akianguka shimoni, usimfuate. Katika nchi nyingi imetokea kwamba mmoja alianguka, ndugu yake akashuka kumwokoa, na jirani akamfuata ndugu. Nyumba moja ikazika watu watatu badala ya mmoja. Piga kelele, ita watu, mvute kwa kamba ikiwa alikuwa amefungwa. Kwa hiyo asishuke mtu yeyote bila kamba mwilini na watu wa kutosha juu.

Sasa jadilianeni:

1. Kwa nini mama hukigonga chungu kabla ya kununua?
2. Mota yaweza kuzunguka kinyume bila mtu kuigusa. Kwa nini?
3. Kipima-gesi kikisoma sifuri, maana zake mbili ni zipi?
4. Katika kijiji chenu, ni chombo gani mnachokitegemea bila kukijaribu?

Swali la nne kila mmoja aandike jibu lake katika daftari, kwa sentensi tatu. Kwaherini, ndugu wanafunzi, mpaka somo lijalo.