Gari Linalovuta Upande: Kupima Kwanza, Kufungua Baadaye

Gari linaloondoka bandari ya Kalundu, kusini mwa mji wa Uvira, kuelekea Bukavu hufuata barabara ya kitaifa namba 5, ambayo kwanza hupita tambarare ya Ruzizi kupitia Sange na Luvungi hadi Kamanyola, kisha hupanda miinuko ya Ngomo kwa kona zinazopakana na magenge. Kwa kuwa safari hiyo huanzia ufukoni mwa Ziwa Tanganyika, mahali palipo takriban mita 770 juu ya usawa wa bahari, na kuishia katika mji ulio karibu na mita 1,500, kasoro ya usukani ambayo dereva huweza kuivumilia kwa mwendo mdogo wa mjini hugeuka hatari anapofika mlimani. Ndiyo sababu ajali inayoitwa ndogo, ile ambayo hakuna aliyeumia na injini inaendelea kufanya kazi, haipaswi kuhesabiwa kuwa imekwisha pale bampa inaporudishwa mahali pake.

Kinachofanya ajali hiyo idanganye ni kwamba madhara yake hayaonekani kwa urahisi. Nishati ya gari linalotembea hukua kwa mraba wa mwendo, hivyo gari linalogonga ukingo wa mtaro kwa kilomita 40 kwa saa hubeba nishati mara 4 kuliko linalogonga kwa kilomita 20, na nishati hiyo hupitia kwenye tairi na rimu, ikaingia katika mikono ya chuma inayoshika gurudumu, na hatimaye katika bodi. Bampa ya plastiki inaweza kuinama na kujirudia yenyewe, ilhali chuma kilicho nyuma yake kimebaki kimepinda. Zaidi ya hayo, magari mengi madogo, kama Toyota Corolla na Probox, hayana chesisi ya pekee chini ya bodi kama ile ya Hilux au Land Cruiser ya mfululizo wa 70, kwa maana bodi yenyewe ndiyo inayobeba mzigo na kushikilia magurudumu. Tangu mwaka 1959, Mercedes-Benz ilipoanza kuuza magari yaliyofuata wazo la mhandisi wake Béla Barényi, sehemu za mbele na nyuma za magari zimekuwa zikiundwa ili zikunjike na kuacha chumba cha abiria kizima. Kukunjika huko huokoa maisha, lakini pia huweza kuhamisha vituo ambavyo magurudumu yamefungwa.

Mashariki mwa Kongo kuna jambo jingine la kuzingatia. Sheria inataka magari yapite upande wa kulia wa barabara, lakini mengi ya yale yaliyotoka Japani yana usukani upande huohuo wa kulia, na kwa sababu hiyo kona ya mbele ya kushoto, ambayo ndiyo inayokabili magari yanayokuja, ndiyo pia iliyo mbali zaidi na macho ya dereva. Fundi anayepokea gari la namna hiyo baada ya ajali hufanya vyema kuanza uchunguzi katika kona hiyo, hata kama rangi yake haikukwaruzika.

Pembe tatu zinazoongoza gari

Ili gari liende moja kwa moja bila kulazimishwa, magurudumu yake hayana budi kusimama katika pembe maalumu, na tatu kati yake ndizo muhimu zaidi. Ya kwanza huonekana gari likitazamwa kutoka juu, nayo ni kiasi ambacho ncha za mbele za magurudumu mawili zimekaribiana au kuachana. Mafundi waliojifunza kazi kwa Kifaransa huiita paralelisme. Ya pili, kemba, huonekana kutoka mbele, nayo ni kuinama kwa gurudumu, kichwa chake kikiwa kimeingia ndani au kimetoka nje. Ya tatu, kasta, huonekana kutoka ubavuni, nayo ni mlalo wa mhimili ambao gurudumu huuzunguka linapokatwa kona; mhimili huo ukilala kidogo kuelekea nyuma, usukani hujirudisha katikati wenyewe baada ya kona.

Kila pembe ikiharibika huacha dalili yake. Kasta ikipungua upande mmoja, kwa mfano gurudumu la kushoto liliposukumwa nyuma na jiwe, gari huvuta kuelekea upande huo. Kemba ikitofautiana, gari huvuta kuelekea gurudumu ambalo kichwa chake kimeelekea nje zaidi, kwa hiyo pigo la ubavuni lililoingiza ndani kichwa cha gurudumu la kushoto huweza kulifanya gari livute kulia. Paralelisme ikiharibika, gari huenda lisivute kabisa, bali usukani hukaa upande na matairi huliwa upesi. Hasara yake inahesabika: tairi lenye kipenyo cha milimita 600, likipotoka kwa milimita 3 kati ya ukingo wake wa mbele na wa nyuma, huburutwa kando takriban mita 5 katika kila kilomita, na katika safari ya kilomita 100 huwa limesuguliwa barabarani nusu kilomita nzima.

Uchunguzi usiohitaji mashine

Kabla ya kulaumu chuma, fundi mwangalifu huondoa kwanza sababu zilizo nyepesi. Upepo wa matairi hupimwa na kulinganishwa na kiasi kilichoandikwa kwenye kibandiko cha nguzo ya mlango. Kisha magurudumu ya mbele hubadilishwa, la kushoto likafungwa kulia na la kulia kushoto. Mvuto ukihamia upande wa pili, kosa limo katika tairi lenyewe. Baada ya mwendo wa kilomita chache, gurudumu moja likiwa la moto kuliko mengine, breki yake imekwama. Barabara nayo huweza kudanganya, kwa sababu hujengwa ikiwa imeinuka katikati ili maji ya mvua yateremke kandoni, na gari linalopita upande wa kulia huelekea kulia kidogo hata likiwa zima. Linalovuta kushoto katika barabara hiyo lina kasoro ya kweli.

Baada ya hapo gari huinuliwa kwa jeki na kuwekwa juu ya stendi imara. Gurudumu huzungushwa karibu na kijiti kilichosimamishwa bila kutikisika, na nafasi iliyo kati ya kijiti na rimu ikipanuka na kupungua, rimu imepinda. Likishikwa juu na chini na kutikiswa, mchezo wowote huashiria beringi au boljointi iliyolegea. Likitikiswa kushoto na kulia, mchezo huashiria ncha za tairodi, yaani fimbo zinazopeleka mwendo wa usukani kwenye magurudumu. Shokapu nayo hupimwa kwa kulegeza nati yake ya juu na kuzungusha fimbo yake taratibu: kichwa cha gurudumu kikiingia na kutoka kadiri fimbo inavyozunguka, fimbo hiyo imepinda, hata kama macho hayaoni.

Vipimo vyenyewe huhitaji sakafu ya saruji, kamba, timazi na rula, na usawa wa sakafu huthibitishwa kwa mpira mwembamba uliojazwa maji, kwani maji katika ncha zake mbili husimama kimo kimoja. Gari likishashushwa husukumwa mbele na nyuma mita chache ili magurudumu yakae katika hali yake ya kawaida. Kamba mbili huvutwa, moja kila ubavu, zikiwa sambamba, na kwa kuwa upana kati ya magurudumu ya mbele mara nyingi haulingani na ule wa nyuma, umbali wa kamba hupangwa kutoka kwenye vitovu. Tofauti kati ya umbali wa ukingo wa mbele wa rimu na ule wa nyuma kutoka kwenye kamba huonyesha paralelisme. Timazi ikining'inizwa mbele ya gurudumu huonyesha kemba. Kwa rimu ya inchi 15, digrii 1 ni sawa na takriban milimita 7 kati ya ukingo wa juu na wa chini.

Hubaki kipimo kikubwa kuliko vyote, nacho ni cha mraba wa bodi. Kwanza hulinganishwa umbali kati ya kitovu cha mbele na cha nyuma katika kila ubavu. Kisha timazi hushushwa kutoka kwenye vituo vinavyofanana chini ya gari, kulia na kushoto, vituo hivyo huwekwa alama ya chaki sakafuni, gari huondolewa, na mistari miwili ya mshazari hupimwa. Mistari hiyo ikilingana, bodi iko mraba na kosa limo katika vipuri. Isipolingana, kununua vipuri vipya kabla ya kuvuta bodi ni kutupa fedha.

Kutengeneza kwa utaratibu

Marekebisho huanza na lililo rahisi. Fremu ndogo inayobeba injini na mikono ya chini hufungwa kwa boliti kadhaa, na pigo huweza kuihamisha milimita chache bila kuipinda, hivyo kulegeza boliti hizo na kuirudisha mahali pake kunaweza kumaliza tatizo lote. Mkono wa chini, tairodi au kipande kinachoshika kitovu vikipinda, havifai kuchomwa moto na kunyooshwa kwa nyundo, kwa sababu joto huharibu ugumu ambao chuma hicho kilipewa kiwandani, na kinaweza kukatika baadaye bila onyo. Njia salama ni kuvibadilisha. Kipuri kilichokwisha kutumika, ambacho hufika Uvira kwa meli za ziwani kutoka Kigoma au kwa barabara kupitia mpaka wa Kavimvira, hulazwa kwanza kando ya kile cha ubavu mzima, na umbali kati ya matundu yao ukalinganishwa, kwani nacho huenda kilitoka katika gari lililopata ajali.

Boliti za bushi, yaani mipira iliyo katika maungio ya mikono, hukazwa kikamilifu gari likiwa limesimama juu ya magurudumu yake. Zikikazwa gari lingali juu ya jeki, mipira hubaki imesokoteka na huchanika mapema. Pembe zenyewe hurekebishwa kuanzia nyuma, kisha kasta na kemba za mbele, na paralelisme huwa ya mwisho kwa kuwa kila badiliko la zile nyingine huihamisha. Usukani hufungwa katikati kabla ya kuzungusha tairodi, na nyuzi zinazoonekana kwenye tairodi mbili huhesabiwa: zikitofautiana sana, kuna kitu kingine ambacho bado kimepinda.

Kuna njia ya mkato isiyopaswa kukubaliwa, nayo ni kuung'oa usukani na kuurudisha ukiwa umenyooka. Kufanya hivyo huficha dalili na kuacha ugonjwa, na katika magari yenye mfuko wa hewa ndani ya usukani ni jambo la hatari kwa fundi na kwa dereva. Taa za mbele nazo hupimwa upya, hasa zile za Japani ambazo huinua mwanga kuelekea kushoto, kwani Kongo upande huo ni wa wanaokuja.

Jaribio la mwisho hufanyika katika barabara iliyonyooka ya tambarare kabla ya gari kuruhusiwa kupanda Ngomo, na boliti zote zilizoguswa hukazwa tena baada ya siku chache za kazi. Mwenye gari anaweza kuisimamia kazi hiyo bila kuwa fundi, mradi adai vipimo viandikwe kwenye karatasi kabla ya kipuri chochote kununuliwa, na viandikwe tena kazi inapokwisha. Garaji linaloweza kumwonyesha namba hizo mbili limetengeneza gari, na lisiloweza limebahatisha kwa fedha zake.