Kiinimacho, Kitabu na Kifaa: Funzo la Barua Iliyoandikwa Kisangani Mwaka 1890

1. Utangulizi

Tarehe 18 Julai 1890, katika kituo cha Stanley Falls, yaani mahali ulipo leo mji wa Kisangani, Mmarekani mweusi aitwaye George Washington Williams aliandika barua ya wazi kwa Leopold II, mfalme wa Ubelgiji na mtawala wa Dola Huru ya Kongo. Williams alikuwa amepata kuwa askari, mchungaji, mwanasheria na mwandishi wa historia ya watu weusi wa Marekani. Barua yake hukumbukwa hasa kwa mashtaka mazito juu ya ukatili wa dola hiyo. Hata hivyo, kabla ya kuyafikia mashtaka hayo, mwandishi anasimulia jambo ambalo wasomaji wengi hulipita haraka: namna machifu walivyoonyeshwa viinimacho vitatu kabla ya kutakiwa watie alama zao kwenye mikataba ya kutoa ardhi.

Makala haya yanakusudia kueleza viinimacho hivyo vilivyofanya kazi, kuonyesha kwamba ujuzi wa aina hiyo ulikuwa umekwisha kuchapwa vitabuni, na kufafanua jinsi mtu anavyojifunza ujuzi huo. Hoja inayotetewa ni kwamba aliyedanganya hakumzidi aliyedanganywa kwa akili wala kwa nguvu za roho. Alimzidi kwa kitabu na kifaa tu. Hoja hiyo ina uzito hata leo katika mji ambamo bado wapo watu, na hasa watoto, wanaoteswa kwa tuhuma za uchawi.

2. Suala la istilahi

Kiswahili kina bahati ya kuwa na maneno mawili yasiyochanganywa kwa urahisi. Uchawi ni uwezo unaodhaniwa kuwa wa siri, wa kudhuru watu kwa nguvu zisizoonekana. Kiinimacho, au mazingaombwe, ni mchezo wa kumfanya mtazamaji aone lisilokuwepo au asione lililopo. Neno kiinimacho limejengwa kwa viambajengo viwili, kiini na macho, na kwa umbo lake tayari linaelekeza mahali pa kutafuta siri: jambo limetendeka machoni mwa mtazamaji, wala si mbinguni au kuzimu.

Mwanafunzi wa Kisangani huishi katikati ya lugha kadhaa. Darasani husoma kwa Kifaransa, ambacho neno lake magie hubeba maana zote mbili, ya mchezo wa jukwaani na ya nguvu za giza. Mtaani husikia pia Kilingala, na humo neno kindoki huleta hofu mara litajwapo. Mwanafunzi huyo akisoma kitabu cha Kifaransa cha michezo ya karata kisha akakisimulia nyumbani, anaweza kueleweka vibaya kwa sababu ya neno moja. Kutumia kiinimacho kwa mchezo na uchawi kwa tuhuma ni hatua ya kwanza ya kufikiri sawasawa.

3. Viinimacho vitatu vya mikataba

Stanley alifanya kazi ya Leopold kwenye mto Kongo kati ya 1879 na 1884, na mikataba ya machifu ikawa hoja muhimu ya Leopold wakati wa Mkutano wa Berlin wa 1884 na 1885. Williams alifika Kongo baada ya hayo. Ushahidi wake, basi, ni wa mtu aliyekusanya habari, si wa aliyeshuhudia mikataba ikitiwa alama. Hata hivyo maelezo yake ni ya kinaganaga kiasi cha kumwezesha msomaji kuona jinsi kila mchezo ulivyotendwa.

Mchezo wa kwanza ulihusu kupeana mkono. Kwa mujibu wa Williams, betri za umeme zilikuwa zimenunuliwa London. Mzungu aliifunga betri mkononi chini ya koti, na utepe ukapita juu ya kiganja chake. Chifu alipopewa mkono alitikiswa nusura aanguke, kisha akaambiwa kwamba mwenzake ana nguvu za kung'oa miti. Williams hakueleza undani wa chombo, lakini fizikia yake inajulikana. Betri moja haitoshi kumshtua mtu mwenye ngozi kavu. Huhitajika betri nyingi zilizounganishwa, au waya uliozungushwa mara nyingi ili kuongeza msukumo wa umeme. Vyombo vya namna hiyo viliuzwa Ulaya katika karne hiyo, hata kwa matumizi ya tiba.

Mchezo wa pili ulikuwa wa kioo. Mzungu alitoa sigara kubwa, akaishika mbele ya lenzi iliyoelekezwa juani, ikawaka. Akajitangaza kuwa rafiki wa jua, na kwamba akiliomba liteketeze kijiji, litateketeza. Lenzi iliyotuna hukusanya miale ya jua katika nukta moja, na hapo joto huzidi hadi kuwasha tumbaku. Kasoro ya mchezo huu ni dhahiri kwa anayejua siri yake: haufanyiki usiku, wala siku ya mawingu. Chifu ambaye angemtaka mgeni aiwashe sigara yake baada ya magharibi angeuvunja urafiki huo na jua papo hapo.

Mchezo wa tatu ulikuwa wa bunduki ya fataki. Katika bunduki ya aina hiyo, baruti na risasi hufungwa pamoja kwa karatasi, na mpigaji huichana ili kushindilia. Mzungu aliichana, akamimina baruti na karatasi mtutuni, huku risasi akiitelezesha ndani ya mkono wa kushoto wa koti. Akamsihi chifu asimame umbali wa mita tisa hivi na kumpiga, ili ithibitike kwamba yeye ni roho asiyeweza kufa. Mlio na moshi vilitoka kama kawaida, kwa kuwa hivyo hutokana na baruti. Kisha mzungu akainama na kuitoa risasi kiatuni. Ikiwa ni ileile au nyingine iliyowekwa humo mapema, kwa mtazamaji ni mamoja, maana risasi haziwekwi alama.

4. Siri iliyokwisha kuchapwa

Hakuna hata kimoja katika viinimacho hivyo kilichobuniwa Kongo. Mwaka 1856 serikali ya Ufaransa ilimtuma Algeria mfanya kiinimacho mashuhuri, Jean-Eugène Robert-Houdin, ili avunje sifa ya viongozi wa dini walioaminiwa kutenda miujiza. Alikuwa na sanduku dogo ambalo mtu wa kawaida aliliinua kwa urahisi, kisha ghafla likashindikana hata kwa mwenye misuli. Siri ilikuwa sumaku ya umeme iliyofichwa chini ya jukwaa. Aliyeng'ang'ania mpini wake alipigwa na umeme. Alifanya pia mchezo wa kupigwa bastola na kuidaka risasi kwa meno. Robert-Houdin aliyasimulia hayo yote katika kumbukumbu zake zilizochapishwa mwaka 1858, zaidi ya miaka ishirini kabla ya mikataba ya Kongo. Mwaka 1868 alitoa kitabu kingine cha kufundisha siri za sanaa yenyewe. Mkufunzi mwingine, Mwingereza aliyejiita Professor Hoffmann, alitoa kitabu chake kikubwa mwaka 1876, na kila mwenye bei yake aliweza kukinunua.

Robert-Houdin mwenyewe alikuwa mwanafunzi wa kitabu. Anasimulia kwamba akiwa kijana anayejifunza ufundi wa saa alikwenda kununua kitabu cha kazi hiyo, na muuza vitabu kwa makosa akampa kitabu cha michezo ya kisayansi. Alikisoma usiku, na mwelekeo wa maisha yake ukabadilika.

Kilicho muhimu zaidi ni kwamba maelezo ya viinimacho yalianza kuchapwa kwa Kiingereza kwa sababu ya huruma. Mwaka 1584 Reginald Scot alitoa kitabu kikubwa cha kupinga mateso ya watu waliotuhumiwa kuwa wachawi, wengi wao wanawake wazee na maskini. Ili kuonyesha jinsi macho yanavyoweza kudanganywa, alieleza michezo ya mipira, sarafu na karata, na hata visu vya bandia vilivyoonekana kupenya mwilini. Mwaka huohuo, mjini Lyon, Jean Prévost alichapisha kwa Kifaransa kitabu cha michezo ya namna hiyo. Lakini ni Scot aliyeutumia ujuzi huo kuwatetea walioonewa.

5. Namna ujuzi unavyopatikana

Msomaji anayedhani kwamba kujua siri ni kuujua mchezo amekosea. Kitabu humpa mwanafunzi mambo matatu: tukio, yaani kile ambacho mtazamaji ataamini ameona, mbinu, yaani kile kinachotendeka kweli, na namna ya kuyahamisha macho ya watu wakati mbinu inapotendeka. Jambo la tatu ndilo gumu. Mtu huangalia pale mtendaji anapoangalia. Hivyo anayeficha sarafu katika kiganja cha kulia lazima ajizoeze mbele ya kioo hadi macho yake mwenyewe yaufuate mkono wa kushoto, kana kwamba naye anaamini sarafu imo humo.

Kiinimacho cha kusoma mawazo kina kanuni zake. Mojawapo ni ya kutangulia hatua moja. Watazamaji wanne huandika neno kila mmoja katika kikaratasi na kukikunja. Mmoja wao ni mshirika wa siri, na kikaratasi chake huwekwa chini kabisa. Mtendaji huinua cha kwanza bila kukifungua, hutafakari, kisha hulitaja neno walilopatana na mshirika. Mshirika hukiri kwamba ni lake. Mtendaji hukifungua kikaratasi hicho kana kwamba anahakikisha. Kumbe anasoma neno la mtu wa pili. Akiinua kinachofuata hulitaja neno hilo, na kukifungua ili asome la tatu. Huendelea hivyo hadi mwisho, naye daima ametangulia hatua moja.

Kanuni nyingine haihitaji kifaa chochote. Mwaka 1948 mwanasaikolojia wa Marekani, Bertram Forer, aliwapa wanafunzi wake 39 maelezo ya tabia, kila mmoja akidhani ameandikiwa yeye. Walipotakiwa kupima usahihi wake kwa alama 0 hadi 5, wastani ulikuwa 4.26. Kumbe wote walipewa maandishi yaleyale. Kauli kama kwamba mtu ana uwezo ambao hajautumia, au kwamba nje anaonekana imara lakini ndani ana wasiwasi, humfaa karibu kila mtu. Asiyelijua hilo, akiambiwa maneno hayo na anayejiita mwonaji, atatoka akiapa kwamba moyo wake umesomwa.

6. Risasi iko wapi?

Mji huu una kumbukumbu nyingine ya risasi. Tarehe 5 Agosti 1964, mji ukiitwa bado Stanleyville, uliangukia mikononi mwa wapiganaji wa Simba. Uasi wao ulikuwa na sababu zake za kisiasa, lakini wengi waliingia vitani wakiwa wamefanyiwa dawa, wakiamini kwamba risasi zingegeuka maji mradi miiko isivunjwe. Imani kama hiyo ilikuwa imeonekana kusini mwa Tanzania ya leo wakati wa Vita vya Maji Maji, 1905 hadi 1907. Mpiganaji alipouawa, jibu lilikuwa tayari: alivunja mwiko. Kwa hiyo hapakuwa na kifo ambacho kingeweza kuikanusha dawa.

Hapa ndipo mpaka unapoonekana. Mfanya kiinimacho anajua risasi iko wapi, na usalama wake wote umo katika kujua huko. Kifaa kikiharibika, maneno hayamwokoi. Mmarekani William Robinson, aliyejulikana jukwaani kwa jina la Chung Ling Soo, alipigwa risasi katika mchezo huohuo mjini London tarehe 23 Machi 1918 kwa sababu bunduki yake ya mchezo ilikuwa imechakaa. Akafa kesho yake. Kijana wa mwaka 1964 hakupewa ujuzi wa mahali ilipo risasi. Alipewa imani, akatumwa mbele ya mtutu ulioshindiliwa kikamilifu.

7. Hitimisho

Tangu siku ya barua ya Williams, mkataba uliopatikana kwa betri, lenzi na risasi iliyofichwa umebaki kielelezo cha jinsi mwenye kitabu anavyoweza kumnyang'anya asiyekuwa nacho. Williams alifanya kazi ya mwalimu: aliifichua mbinu kwa maandishi. Alifariki Uingereza mwaka 1891, lakini maelezo yake yangali yanasomwa.

Katiba ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ya mwaka 2006, katika kifungu cha 41, inakataza kuwatuhumu watoto uchawi, na sheria ya tarehe 10 Januari 2009 kuhusu ulinzi wa mtoto imeweka adhabu. Sheria hizo ni za lazima, lakini hazitoshi mahali ambapo mtu yeyote anayetoa msumari au kitambaa mdomoni mwa mtoto huaminiwa kuwa amethibitisha jambo. Mwanafunzi aliyejizoeza mbele ya kioo kuficha sarafu kiganjani anajua msumari huo ungeweza kutoka wapi. Mwanafunzi huyo akikaa katika kikao cha ukoo, akaomba kwa adabu kwamba mikono ya mganga itazamwe kwanza, huenda akamwokoa mtoto mmoja asifukuzwe nyumbani.